Muulize Fundi: Msumeno wa inchi saba, boriti ya inchi nane

Mwezi huu barua karibu zote ni za misumeno, sijui kila mtu kaamua kujenga banda la makuti au vipi. Naanza na hii ndefu maana jibu lake linagusa na zile nyingine.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni seremala huku Pangani, kazi yangu miaka yote ni milango, madirisha na kenchi za kawaida za 4x2 na 6x2. Sasa nimepata kazi ya banda la kulia chakula la hoteli, mwenye mali anataka boriti nene zionekane, hataki kuona silingibodi. Zimeshaletwa kutoka Mafinga, 8x8 za mkaratusi na 6x6 za paini, jumla 34. Msumeno wangu wa diski ni ule wa inchi saba na robo, unazama milimita 65 basi. Jirani yangu fundi chuma anasema tukate kava tufunge diski ya inchi kumi, au anichongee sproketi (gia ya kuzungushia mnyororo) nifunge upanga wa chensoo pale pale kwenye shafti ya diski. Anasema ameona kwenye simu wazungu wanafanya. Inawezekana kweli? Nishike ipi?
Seremala, Pangani

JIBU: Marhaba kaka. Jirani yako hajakudanganya, wazungu wanafanya kweli, ila alichokiona kwenye simu na anachotaka kukuchongea ni vitu viwili tofauti kabisa ambavyo kwa mbali vinafanana.

Huko Marekani kuna viwanda vinauza vifaa vya kugeuza msumeno wa inchi saba na robo. Kimoja ni cha Big Foot, kinafungwa kwenye ule msumeno wa Skil wenye giya za pembeni (ule mrefu mwembamba, injini imelala nyuma ya diski), unaondoa kava na sahani yake unavalisha diski ya inchi kumi na robo. Lakini sikiliza vizuri hapa, kifaa kile kinakuja na kava yake ya juu, kava yake ya chini inayojirudisha yenyewe, na sahani yake ya chini. Hakuna mtu aliyekata kitu kwa grainda. Kingine ni cha Prazi, hicho ndo kina upanga wa mnyororo kama chensoo, unafunga mahali pa diski na kinazama mpaka inchi 12, na kinainama mpaka nyuzi 45. Hicho ndicho jirani yako alikiona, nina uhakika.

Tuje kwenye diski ya inchi kumi kwenye msumeno wako. Nakiri hesabu inavutia, maana diski ikiongezeka toka milimita 185 kwenda 255 unapata kama milimita 35 zaidi za kuzama, unafika 100, na 8x8 ni milimita 200, kwa hiyo unakata juu, unageuza, unakata chini, umemaliza. Ningekuwa kijana ningeshawishika. Sasa angalia upande wa pili. Msumeno wako unazunguka kwenye mizunguko 5,500 hivi kwa dakika. Kwa diski yako ya sasa meno yanakimbia mita 53 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 190 kwa saa, kasi ambayo diski zimetengenezwa kuizoea. Weka ya inchi kumi kwenye shafti ile ile, meno yanakimbia kama kilomita 264 kwa saa. Diski yoyote ya maana imeandikwa ubavuni mwisho wa mizunguko yake, isome kabla hujalipa. Na wakati meno yanakimbia zaidi, nguvu ya kusukuma pale kwenye jino inapungua, kwa sababu injini ni ile ile na umeirefushia mkono. Zaidi ya robo ya msukumo inapotea, huku meno mengi zaidi yako ndani ya mbao kwa wakati mmoja. Matokeo utayajua kwa pua kabla ya macho, ile harufu ya koili inayoungua.

Linganisha na mashine iliyozaliwa kwa kazi hiyo. Makita wana msumeno wa mkono wa inchi 16 na ushee, 5402, unazama inchi sita na robo, una kilo 14 na nusu hivi, na unazunguka mara 2,200 tu kwa dakika. Diski kubwa, mzunguko mdogo. Ukipiga hesabu meno yake yanakimbia kama mita 48 kwa sekunde, yaani polepole kidogo kuliko ya kwako! Diski hiyo hiyo ingefungwa kwenye injini ya mizunguko 5,500 ingefika kilomita 430 kwa saa. Hiyo sio seremala tena.

Na kava. Hapa naomba nichukue nafasi kidogo maana ndo kitu kinachoniuma. Nilipokuwa najifunza kazi, mwaka wangu wa pili, mkubwa wetu karakana alikuwa na tabia ya kufunga kava ya chini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli isimsumbue kwenye kukata mishazari. Siku hiyo kamaliza kukata, kaachia swichi, kauweka msumeno chini kwenye saruji kabla diski haijasimama. Diski ya msumeno huu chini inakwenda mbele, kwa hiyo ikigusa sakafu mashine yenyewe inatupwa nyuma, kuelekea kwa mtu. Ulitembea peke yake kinyumenyume kama kaa, ukapanda kandambili yangu. Nilipoteza kucha na nyama kidogo ya kidole gumba cha mguu, na ninashukuru ilikuwa diski ya inchi saba inayoishiwa nguvu. Wewe unataka kuweka ya kumi bila kava yoyote, juu ya mkaratusi.

Sproketi je? Kihesabu sio wazo baya. Mnyororo wa pichi (ukubwa wa pingili) ya tatu ya nane ya inchi na sproketi ya meno saba, kila mzunguko unasogeza mnyororo kama milimita 133, kwa mizunguko 5,500 unapata mita 12 kwa sekunde. Chensoo nyingi za umeme zipo karibu na hapo. Tatizo ni vitu vinavyouzunguka huo mnyororo. Chensoo ina breki inayokamata mnyororo ukiruka, chensoo ya petroli ina klachi ya kuteleza ukikwama, ina pampu ya oili, ina kipini kilichokaa ili mikono yako iwe nyuma ya upanga. Msumeno wako hauna hata kimoja. Nati ya diski inategemea mzunguko ujikaze wenyewe, na ikibeba sproketi iliyochongwa kwa leth ya mtaani ikiwa imepinda nusu milimita tu, mtetemo utaifungua. Mnyororo ukikatika unapiga kama mjeledi na wewe umesimama nyuma yake. Mwambie jirani asante, mnunulie soda, aendelee na mageti.

Haya, sasa utakataje? Utakata na msumeno wako huo huo, bila kuugeuza. Boriti ina pande nne, na kila upande unakupa milimita 65. Zile 6x6 ni milimita 150, ukikata pande zote nne katikati inabaki pini ya milimita 20 kwa 20, msumeno wa mkono unaimaliza kabla hujatoka jasho. Zile 8x8 inabaki mraba wa milimita 70 kwa 70, ni kama kukata kipande cha 3x3 kwa mkono, na nyufa zako nne zinauongoza msumeno wa mkono usipinde. Ukipata wa kuazima msumeno wa inchi tisa na robo, huo unazama 85 hivi, 6x6 inaisha kwa pande mbili na 8x8 inabakiza 30 kwa 30 tu.

Shida sio kuzama, shida ni mistari. Watu wengi wakikata pande nne wanajikuta na ngazi kichwani mwa boriti, upande mmoja umetoka milimita tatu, mwingine umeingia mbili, halafu wanasema mashine fupi. Mbao zako zimepasuliwa na mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia magogo msituni, najua bila kuziona, na dingdong inakupa boriti ambayo upande huu ni 200, kule 207, na kona moja haiko mraba. Ukiweka skwea upande wowote utakaotaka na kuzunguka, mstari wa mwisho hautakutana na wa kwanza. Kwa hiyo chagua nyuso mbili zinazopakana zilizonyooka kuliko zote, zipige alama ya X kwa penseli nene, na kuanzia hapo shina la skwea lisiguse uso mwingine wowote. Kutoka uso wa X wa kwanza unapiga mstari kwenye jirani zake wawili, kutoka uso wa X wa pili unapiga kwenye mbili zilizobaki. Mistari ikikutana kwa unene wa penseli, kata. Isipokutana usikate kwanza, jaribu skwea yenyewe: iweke kwenye ubao ulionyooka piga mstari, igeuze upande wa pili piga mstari juu ya ule ule. Ikifungua kama mkasi, skwea imekufa. Nimeona skwea mpya kutoka dukani zimekufa na karatasi bado iko juu.

Halafu klampu. Funga kipande cha ubao ulionyooka kama reli, sahani ya msumeno itembee ikikiegemea, na umbali kutoka ukingo wa sahani mpaka jino uupime mara moja, ukate kijiti cha urefu huo kiwe kipimo chako cha boriti zote 34. Mimi cha kwangu kimefungwa kwenye waya wa msumeno kwa uzi, kina miaka.

Mkaratusi sasa. Huo una hasira ndani yake, hasa ukiwa mbichi, unakata vizuri ghafla ufa unajifunga na kubana diski, na hapo msumeno unakurukia. Weka viegemeo viwili upande mmoja wa mstari, kile kipande kinachokatwa kining'inie hewani kiwe huru kuanguka, kamwe usikate katikati ya viegemeo viwili kwa sababu boriti inabonyea na ufa unafunga juu. Ukisikia sauti imebadilika, simamisha, subiri diski itulie KABISA, gonga kabari ndogo kwenye ufa, endelea. Na usisimame nyuma ya msumeno moja kwa moja, kaa ubavuni. Kama msumeno wako ulikuja na kile kisu chembamba nyuma ya diski na wewe ulikitoa ukakitupa kwenye kopo la misumari, kitafute, kazi yake ndo hiyo. Diski ya meno 24 inatosha, ukiona inaanza kutoa moshi isugue utomvu kwa mafuta ya taa kabla hujasema imeisha.

Kwenye maungio ya kulaliana nusu kwa nusu msumeno mdogo ni raha tupu. Unataka kutoa inchi nne za 8x8, weka kina cha 65, piga nyufa nyingi za karibu karibu kama kuchanja samaki, vunja kwa nyundo, kisha rudia kina kilichobaki, malizia na patasi. Hakuna diski ya inchi kumi itakayokufanyia hilo vizuri zaidi.

Na vichwa vya boriti ukishakata vipake rangi ya mafuta siku hiyo hiyo, mkaratusi wa Mafinga ukikutana na upepo wa Pangani unapasuka mwisho mpaka unasikia.

SWALI: Habari fundi. Niko Mombasa, Kisauni. Ndugu yangu anaishi Minnesota na anataka kunitumia ule msumeno wa Skil na kile kifaa cha Prazi, amepata kwa mtu anayeuza vitu vyake. Mimi najenga pagola na maduka ya mbao. Stima ya huku itaukubali? Ama nimwambie atume pesa tu?
J.M., Mombasa

JIBU: Msumeno wa Marekani ni wa volti 120, wako ukutani ni 240. Ukichomeka moja kwa moja utapata cheche moja nzuri sana na basi, imekwisha. Unahitaji transfoma ya kushusha, na usinunue ile ndogo ya redio. Msumeno wa ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1,800 ukiwa umebeba mzigo, na wakati wa kuwaka unavuta zaidi, kwa hiyo tafuta transfoma ya kVA 3 (kama wati 3,000), ile nzito ya koili inayokuvunja mgongo. Huo mzigo wa chuma ndo unaolipia. Suala la hezi, kwamba wao wana 60 na sisi 50, halina neno kwenye msumeno wa aina hii kwa sababu injini yake ni ya brashi za kaboni, haisomi hezi.

Ekstensheni ipitie upande wa 240, yaani transfoma ikae karibu na wewe na waya mrefu uwe kati ya ukuta na transfoma. Ukifanya kinyume, waya mrefu ukibeba volti 120, ampea zinakuwa mara mbili na volti zinashuka njiani, msumeno unafika kwenye mbao umeshachoka, na msumeno uliochoka ukiulazimisha unaungua. Hili nimeliona sana pia kwenye misumeno yetu ya kawaida, mtu ana mashine ya wati 2,000 na amevuta mita 40 za waya mwembamba wa taa, anasema mashine ya Kichina mbovu. Kumbe mbovu ni waya.

Kuhusu kifaa chenyewe, kipime na kazi. Mnyororo unakata upana mkubwa kuliko diski na unaacha uso wenye manyoya, sio uso wa kuonyesha. Kwenye kukata vichwa vya rafta za pagola kwa mshazari, au kukata rundo la mbao kwa pamoja, hapo kinalipa. Kwa kukata boriti moja moja ambazo kichwa chake mteja atakiona akinywa chai, utarudi na randa tu. Mwambie ndugu yako akupigie picha mnyororo na sproketi kwa karibu. Sproketi ikiwa imechimbika kama meno ya papa, na ile mifereji ya upanga imefunguka pande zote, mwambie atume pesa tu.

SWALI: Asalaam aleikum. Nipo Mji Mkongwe Unguja, tunatengeneza dari ya nyumba ya marehemu babu, boriti za zamani zimeoza vichwa ukutani. Tumepata boriti za mkoko, za mviringo, lakini kila tukikata kwa msumeno wa diski boriti inazunguka na kichwa kinatoka mshazari. Tufanyeje?
Mjukuu, Shangani

JIBU: Waaleikum salaam. Kwanza poleni kwa kazi, ile ya kutoa boriti kwenye ukuta wa mawe na chokaa bila kuangusha chumba kizima sio ndogo. Wageni huwa wanashangaa kwa nini vyumba vya nyumba zile ni vyembamba na virefu. Jibu liko mikononi mwenu, upana wa chumba ulikuwa ni urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba, kwa hiyo msikate fupi mkidhani mtaongezea, ile sehemu inayoingia ukutani inahesabika.

Boriti ya duara haina uso wa kuwekea skwea, kwa hiyo msiutafute. Chukueni ukanda wa karatasi ngumu wenye ukingo ulionyooka, upana wa kiganja hivi, gazeti lililokunjwa mara nne linatosha, muuzungushe kwenye boriti mpaka ukingo ukutane na ukingo bila kupishana. Ukikutana sawasawa basi uko mraba na boriti hata kama boriti imepinda kidogo. Pitisha penseli, umepata mstari wa kuzunguka mzima.

Kuzunguka kwa boriti ni kosa la kiegemeo. Pigilia mbao mbili kuwa umbo la V, mtengeneze mbili, boriti ilale humo, na kila V ipate mkanda au kamba iliyokazwa kwa kijiti. Msumeno nao sahani yake inayumba juu ya duara, kwa hiyo fungeni kipande cha mbao bapa kando ya mstari, kimo sawa na mgongo wa boriti, sahani ipate pa kulala. Halafu kateni robo robo, mnageuza boriti ndani ya V mkifuata mstari. Mkoko ni mgumu, diski butu itaungua kabla haijakata. Kwa boriti tatu nne lakini, mimi ningechukua msumeno wa mkono na mtu wa kukalia upande wa pili.

SWALI: Fundi, grainda yangu ya inchi nne na nusu nikiifunga diski ya meno ya mbao, ile wanayouza barabarani, si inakata boriti pia? Nageuza geuza tu kama ulivyosema pande nne.
Kijana, Mbagala

JIBU: Hapana. Grainda inazunguka mara 11,000 kwa dakika, haina sahani ya kuizuia isizame, na kava yake imetengenezwa kuzuia cheche, sio meno. Jino likikamata fundo la mbao mashine inaruka kabla kidole chako hakijaachia swichi, na mara nyingi swichi yenyewe ni ile ya kubonyeza ikabaki. Mara nyingi inakwenda usoni au shingoni kwa sababu ndivyo mtu anavyoishika. Hiyo diski itoe leo, na usimuuzie mtu.